Mkate ulionidondokea kwenye makaa

Baada ya arobaini ya mama, vitu vyake vikagawanywa. Kanga zilipiganiwa, tena kwa heshima zote, kila mmoja akisema "hapana, chukua wewe" huku mkono umeshika pindo. Chuma chake cha kuchomea mkate wa ufuta hakuna aliyekiulizia. Hata mimi, na mkate huo ndio ulionisomesha.

Tulikaa Tanga, Ngamiani, barabara ya 8. Kila alasiri mama akitoa jiko barazani, na Ramadhani watoto wa mtaa walijipanga na vikapu mpaka karibu na adhana. Ada yangu ya sekondari niliipeleka kwenye kopo la maziwa, sarafu na noti za harufu ya moshi. Mhasibu akimaliza kuhesabu anakung'uta ufuta mezani, mimi natamani ardhi ipasuke. Niliapa sitashika jiko maishani. Leo ni karani, nakaa kwenye kiti cha kuzunguka.

Basi mwaka ulipokaribia kutimia, kwenye kundi la familia la WhatsApp wakaanza kupanga hitima: nani alete mchele, nani mbuzi. Sijui nini kilinituma, nikaandika: "Mikate ya ufuta nachoma mimi." Kukawa kimya. Kisha dada yangu akatuma kikatuni kinacheka mpaka machozi.

Kwa ushauri sikulala njaa. Mmoja akasema nitumie ovena. Mwingine, mpishi wa maharusi kabisa, akaniambia nipake chuma mafuta ya kutosha, mkate usigande. Huyo ndiye aliyenimaliza. Nikaenda dukani nikanunua kikaango kipya kisichogandisha, shilingi 30,000 na ushee, nikakipaka mafuta juu yake.

Sasa sikiliza. Unga nilijua: nazi mbili za Pangani nikakuna kwa mbuzi, tui zito, hamira, yai, chumvi, unaupiga kwa mkono mpaka unavutika na kulia pwa! pwa! Si unga wa chapati, si uji wa vitumbua, upo katikati. Ukaumuka vizuri, nikautandaza, nikamwaga ufuta, chini ukaiva. Sasa mkate huu juu yake unaivia kichwa chini. Unakigeuza chuma kizima, uso wa mkate utazame makaa, nao unaning'inia kama popo wa mapango ya Amboni. Nikasema bismillah, nikageuza.

Haukuning'inia hata kidogo. Uliteleza wote, mzima kama sahani, ukajilaza juu ya makaa kwa raha zake. Moshi! Majivu mpaka kwenye nyusi. Nikajaribu kuuokoa kwa koleo, ukakatika vipande viwili, kimoja kikashika moto. Mtoto wa jirani akachungulia ukutani akauliza, "Shangazi, unachoma taka?" Wa pili nikauchoma bila mafuta, nao ukaanguka. Kikaango kimetengenezwa kisigandishe, nami nakilazimisha kigandishe. Wa tatu sikuugeuza, nikauita chapati nene, tukanyamaza.

Ndipo nikakifuata chuma cha mama. Nikakikuta Pongwe kwa mama mdogo, kimefunika ndoo ya maji ya kuku. "Chukua tu mwanangu, takataka hiyo," akasema. Nilikisugua kwa mchanga na kumbi la nazi jioni nzima, kutu likitoka jekundu kama udongo wa Muheza. Nikakipasha, nikatandaza, nikageuza. Nusu ikashika, nusu ikaanguka. Niliketi pale barazani nikalia. Nilimlilia mama, nikaulilia na unga.

Usiku ule ikanijia sauti yake: "Mkono majini!" Maisha yangu yote alinipigia kelele hiyo nikisogea jikoni, nami nikidhani ni usafi, kwamba nina mikono michafu. Kumbe pembeni ya jiko palikuwa na kibakuli cha maji. Na kile kibakuli nakijua sana, kwa sababu ya aibu: nilikuwa darasa la pili, nafunga kwa mara ya kwanza, kiu imenikaba, nikainama nikapiga funda moja kwa wizi. Yalikuwa ya chumvi, machungu kama ya bahari ya Raskazone! Mama akaona sura yangu ilivyojikunja, hakunipiga, alicheka mpaka akaacha mkate ukaungua.

Asubuhi nikatia chumvi kwenye maji. Chuma kikiwa moto sana nikayanyunyiza, yakachemka, nikatandaza unga hapohapo kwa kiganja kilicholowa. Nikasubiri vijitundu vitokee juu. Nikageuza huku nimefumba jicho moja. Mkate ukashika! Nikakigonga mgongo wa chuma kama alivyokuwa akifanya, haukutikisika. Ufuta ukapiga rangi, nikaubandua kwa ncha ya kisu, nikaula peke yangu wote, nimesimama.

Siku ya hitima nilichoma thelathini na kitu. Anzeni mapema, na mkaa usiwe wa kuwaka ndimi, uwe umekaa. Kiganja kiliniungua mara mbili, na yule mpishi wa maharusi alipofika akaniambia, "Umeona? Si nilikwambia mafuta!" Nikamwongezea chai.

Mama mdogo alikula vipande vitatu bila kusema neno. Cha nne akakigeuza, akatazama chini yake, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Wakati wa kuaga akanivuta pembeni: "Mwanangu, kile chuma changu utakirudisha lini?"

Nikamwambia bado nimekiloweka, kitoke kutu vizuri. Huu mwezi wa nne, kinalowa.