Mto Kennebec na miti ya karatasi
Jamani wikiendi tumepita kando ya mto Kennebec huku jimbo la Maine, Marekani, nikaona marundo ya mawe na mbao katikati ya maji kama visiwa vidogo, kuuliza mzee mmoja anavua samaki pale, kumbe ndo walikuwa wanafungia minyororo ya magogo yaliyoungwa ili miti ya kutengenezea karatasi isipotee. Yaani zamani miti ilikatwa msituni kipindi cha baridi, vipande vya futi 4 hivi, theluji ikiyeyuka maji yakajaa wanaiachia yote mtoni iteremke toka upande wa ziwa Moosehead mpaka viwanda vya karatasi huku chini. Wanaume walikuwa wanatembea juu ya magogo yanayozunguka, buti zina misumari chini, mkononi fimbo yenye ndoano, magogo yakikwama wanaingia wenyewe kuyafungua na wengine walikufa maji. Hao watu nawaheshimu sana aisee. Ila mto nao uliumia, magome yalizama yakaozea chini, samaki wakateseka, boti zikakosa njia, ndo mana 1971 jimbo likapitisha sheria ya kukomesha kusafirisha magogo mtoni na kazi hiyo ikafika mwisho 1976. Ndugu zangu wa Lewiston na Portland wapelekeni watoto wakaone, sio mbali.