Chumvi ya Uvinza imenichezea shere

Jana usiku niligandisha barafu za kuuza hapa Ujiji. Asubuhi pakiti zote mawe, isipokuwa chupa moja: maji tu, tena baridi ya kuuma vidole! Nikailaumu friza. Kumbe mama kaweka humo maji ya chumvi ya Uvinza, robo kilo kwa lita, ya kulowekea samaki aina ya migebuka (bila kuniambia, kama kawaida yake). Chumvi ikiyeyuka, chembe zake hujipenyeza kati ya chembe za maji, zisishikane upesi kuwa barafu. Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0. Haya ya mama yanataka kama nyuzi 16 chini ya sifuri, na friza yangu ya mtumba haifiki huko. Leo nimechanganya barafu iliyopondwa na chumvi, nikazamisha chupa ya soda humo. Muda mfupi tu, baridi balaa!