Siku Mbili Kati ya Kilwa Masoko, Kisiwani na Songo Mnara

Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni mwendo wa takriban kilomita 300 kuelekea kusini. Nilipofika gatini na kumwamkia nahodha mzee niliyeelekezwa kwake, aliitikia marahaba, kisha akanieleza kwamba saa ya kuondoka haipangwi na abiria wala na nahodha, bali na maji. Kilwa Kisiwani, kisiwa cha magofu kilicho ng'ambo, tungevuka jioni ile ile, lakini kwa Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, ilinibidi niamke kabla ya alfajiri.

Kivuko cha Kisiwani ni kifupi, na kinachotangulia kuonekana ni Gereza, ngome iliyo karibu na maji. Mimi nilivutwa zaidi na Msikiti Mkuu, uliopanuliwa katika karne ya 14 kwa kuba na nguzo za matumbawe na chokaa, na baadaye na Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lililojengwa juu ya jabali, lenye birika la pembe nane linaloitazama bahari. Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Moroko, alifika hapa mwaka 1331, enzi ya sultani huyo huyo, wakati dhahabu ya Sofala, bandari iliyo katika Msumbiji ya leo, ilipokuwa ikipitia Kilwa. Nilikaa ukingoni mwa birika hilo muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Wageni wengi huja kutazama mawe na kuwapita wenyeji bila hata salamu, jambo linalonisikitisha, kwa sababu kijiji kimo humo humo kati ya magofu na nyumba zake za udongo zimejengwa kwa miti ya mikoko.

Asubuhi iliyofuata tulitweka tanga. Songo Mnara haina gati. Mashua hutia nanga mbali kidogo, nasi tukashuka na kutembea majini, viatu mkononi, tukipita katikati ya mikoko inayouficha mji kabisa hadi unapokuwa umeshaufikia. Ndani ya nyumba zake nilielewa kwa nini vyumba ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko iliyobeba dari ya mawe.

Magofu ya visiwa hivi viwili yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004 kwa sababu ya kubomoka na kuliwa na mawimbi, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya ukarabati. Katika kazi hiyo ilipandwa pia mikoko ufukweni ili kuvunja nguvu ya bahari. Nilikuwa bado nimeegemea mihrabu ya msikiti mmoja mdogo nahodha aliponiita kwa sauti kubwa, kwani maji yalikuwa yameanza kupwa na mashua ilikuwa karibu kukwama.