Matairi yanayong'aa bila kuchafua bodi: uzoefu wangu Malindi

Gari la harusi likiletwa kwangu, wenyewe huzungumzia maua na utepe. Mimi huanza kuinama kwenye matairi. Gari jeupe hata lioshwe namna gani, likikaa juu ya matairi yenye rangi ya kahawia huonekana kazi haijaisha. Tena bibi harusi akishuka, tairi la nyuma lipo pale pale karibu na pindo la nguo yake, na kamera zinamtazama. Waoshaji wengi huimaliza kazi hii ya kung'arisha matairi mbio mbio huku mteja akihesabu pesa. Mimi nimeipa muda wake, na nataka kueleza namna ninavyoifanya mpaka mng'ao unakaa na bodi inabaki safi.

Malindi ina mambo yake. Wakati wa kaskazi jua ni kali na vumbi limekauka; masika yakiingia, njia za mitaani huwa tope tupu. Gari linalotoka Marafa huja na vumbi jekundu lililoingia mpaka kwenye maandishi ya tairi. Linalotoka Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi, huja na ukoga mweupe. Vani za watalii zinazorudi kutoka Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala huwa zimebeba vumbi la mbugani. Halafu kuna magari ya nyumba za likizo, ambayo husimama uani miezi mingi, wenyewe wako Italia. Haya yote hayawezi kupakwa dawa moja. Kabla sijafungua chupa, nauliza gari linakwenda wapi kesho yake.

Dawa za tairi zilizo madukani zimegawanyika makundi mawili makubwa. Kuna ile ambayo mafuta ya silikoni yameyeyushwa ndani ya kimiminika cha jamii ya petroli. Haina rangi, au ina umanjano kidogo, hunuka kama mafuta ya taa, na ukiipaka, tairi huonekana limelowa. Hushika moto pia, kwa hiyo dumu lake halikai juani wala karibu na jiko la muuza chai. Kundi la pili ni silikoni iliyochanganywa na maji, na hii ni nyeupe. Mpako wake wa kwanza hutoa weusi uliotulia. Ukiongeza wa pili baada ya ule wa kwanza kukauka, mng'ao hupanda. Ile ya petroli hung'aa zaidi na huvumilia mvua zaidi. Hii ya maji haina harufu kali, hainati sana, na vumbi haliing'ang'anii.

Muuzaji husifu alicho nacho, kwa hiyo nilitafuta njia ya kuzipima mwenyewe. Kwa fundi wa pancha hakukosi tairi chakavu. Niliomba moja, nikalisugua likatakata, nikaugawa ubavu wake kwa chaki, kila kipande kikapata dawa yake na kimoja nikakiacha hivi hivi. Baada ya saa moja nilikandamiza tishu nyeupe juu ya kila kipande. Palipoacha doa la mafuta, hiyo ndiyo dawa itakayorukia bodi gari likianza kukimbia. Kisha nikaliacha tairi nje, juani na vumbini, nikawa nalipitia: wapi pamevaa vumbi, wapi pamegeuka kahawia, wapi pamebaki peusi baada ya kumwagiwa maji. Dawa iliyong'aa kushinda zote mwanzoni ndiyo iliyobeba vumbi zito kushinda zote. Jaribio hili halina gharama, na ningependa kila anayeosha magari alifanye kabla ya kununua dumu la lita 5.

Tangu hapo sibahatishi. Gari la harusi, au linalotaka kupigwa picha liuzwe, litatembea kwenye lami, nalo nalipaka ya petroli. Gari la Marafa au la mbugani nalipaka ya maji, mpako mmoja mwembamba. Kuna dereva wa vani aliyeniambia, "Weka ile inayowaka kabisa, bosi." Nikamwambia, "Ndugu yangu, kesho alfajiri uko njia ya Sala. Nikikuwekea hiyo utarudi na matairi mekundu." Akacheka, akakubali, na mpaka leo huomba ya maji mwenyewe.

Lakini uchaguzi wa dawa ni sehemu ndogo. Kazi iko kwenye kusafisha. Mpira wa tairi umechanganywa na masizi ya kaboni, ambayo ndiyo yanayoupa weusi na kuukinga na jua. Kiwandani hutiwa pia nta na kemikali za kuzuia ozoni, hewa inayoupasua mpira. Kemikali hizo husogea polepole kutoka ndani mpaka juu, na zikikaa kwenye hewa hugeuka kahawia. Kwa hiyo ukahawia ule sehemu yake imetoka ndani ya tairi lenyewe. Maji matupu hayautoi. Ukipaka dawa juu yake, dawa imeshika ukahawia, haijashika mpira, na vitatoka pamoja. Tairi jipya nalo huja na mafuta yaliyosaidia kulitoa kwenye kalibu kiwandani. Hayo pia lazima yasuguliwe.

Naweka gari kivulini mpaka matairi yapoe. Lililofika sasa hivi kutoka Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi, nalipumzisha kwanza, sababu sabuni ikigusa mpira wa moto hukauka kabla haijafanya kazi na huacha michirizi. Rimu huoshwa mwanzo, kwa ndoo yake na kitambaa chake, maana vumbi la breki lina chembe za chuma na kitambaa hicho kikigusa bodi kitaikwaruza. Kisha napulizia tairi sabuni ya kukata mafuta, iliyochanganywa na maji kama lebo inavyosema, naiacha ilowe kidogo, nasugua kwa burashi ya nyuzi ngumu mzunguko mzima. Povu la kwanza hutoka na rangi ya chai. Nasuuza, narudia, na siachi mpaka litoke jeupe. Tairi lililowahi kupakwa dawa nzito juu ya dawa nzito huhitaji kurudiwa sana, na hapo ndipo kijana mgeni wa kazi huchoka. Huwa nachukua burashi nyingine, nasugua naye upande wa pili.

Maji nayo yana neno. Visima vingi vya karibu na bahari hapa vina chumvi, na maji yake yakikauka kwenye mpira huacha ukungu mweupe. Kwa kuoshea siyakatai, lakini ya kumalizia ni ya mfereji, yale yanayoletwa kutoka Baricho kwenye mto Sabaki. Baada ya hapo kitambaa kikavu, na nikipata mashine ya upepo napuliza mpaka kwenye maandishi. Unyevu ukibaki, dawa hushika kwa mabaka.

Sipulizii dawa kwenye tairi. Upepo wa pwani huibeba ikatua kwenye rangi ya gari na kwenye diski za breki, na diski yenye silikoni ni hatari. Hata bodi ina hasara yake: fundi wa rangi akija kupiga rangi mahali penye silikoni, rangi mpya hukataa kulala, inafanya matundu madogo madogo. Kwa hiyo natia dawa kwenye sponji, vijiko viwili vya chai hivi kwa tairi la gari dogo, naanzia karibu na rimu natoka nje, naifuata ikiingia kwenye kila herufi. Nasogeza gari nusu mzunguko ili kile kilichokuwa chini kije juu, namalizia. Naacha dakika 10 mpaka 15. Halafu nachukua kitambaa kikavu nafuta.

Hapo wateja huuliza: unaipaka kisha unaifuta? Ndiyo. Iliyoshika imeshashika, iliyobaki juu haina mahali pa kwenda ila bodini, na utaiona kama vidoadoa vyeusi nyuma ya kila tairi, hasa kwenye gari jeupe. Anayetaka mng'ao mkali napaka tena mwembamba, nasubiri, nafuta tena kwa mkono mwepesi. Mipako miwili myembamba hupendeza na hudumu kuliko mmoja mnene, hilo nalisema bila wasiwasi. Na kwa harusi, matairi nayamaliza jioni ya kuamkia siku yenyewe, gari lilale limesimama. Asubuhi ni kufuta vumbi tu na kufunga maua. Hiyo ndiyo iliyoniondolea kabisa vidoa kwenye magari ya maharusi.

Sehemu inayokanyaga barabara haipakwi kamwe. Dawa hii huteleza, na gari linaloteleza barabara kuu ya Mombasa halina wa kulizuia. Pikipiki sizipaki kabisa, hata mwenyewe aahidi malipo mara mbili. Vijana wa boda hunijia, "Nipakie na mimi, bosi, nipendeze," nami huwaeleza: gari hubaki wima, lakini pikipiki hulala kwenye kona, na ikilala ule ubavu uliopakwa ndio unaogusa lami, huku umembeba mama na mtoto wake. Nitaliosha tairi lako litakate, dawa hapana. Tena kuna wanaopaka dizeli au oili chafu ya injini kwa kuwa ni ya bure. Mafuta hayo huingia kwenye mpira yakauvimbisha na kuulainisha. Tairi linang'aa leo, na linaharibika taratibu.

Jambo linalonigusa zaidi ni nyufa. Tairi likishatakata, kila ufa huonekana, na mng'ao ukija juu yake ufa hufichika. Magari ya nyumba za likizo ndiyo yenye shida hii kwa wingi. Ile nta ya ndani hutoka vizuri tairi linapozunguka na kupindapinda. Gari lililosimama juani halina mzunguko, mpira unabaki bila kinga na unapasuka hata kama mikato ya sehemu inayokanyaga barabara bado ni mirefu. Kwa hiyo kabla ya kupaka natafuta tarakimu 4 zilizo mwisho wa namba inayoanza na herufi DOT ubavuni. Ukikuta 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Namsomea mwenyewe, namwonyesha nyufa kama zipo, ndipo nashika sponji.

Mzee mmoja anayetunza nyumba ya wageni aliniletea gari lililokaa muda mrefu. Nilipomwonyesha nyufa zilizozunguka ubavu mzima, akasema, "Mwanangu, we paka tu, wenyewe wanafika Jumamosi."

"Nitapaka, baba. Ila wakishuka uwanja wa ndege watapanda gari hili na watoto. Wapigie picha kwanza uwatumie."

Akatoa simu, akapiga picha moja baada ya nyingine, na nyingine ya zile tarakimu. Jibu lilikuja jioni ile ile: yanunuliwe mapya manne. Yalipofungwa alilirudisha gari kwangu, nikayasugua mafuta ya kiwandani mpaka povu likawa jeupe, nikayapaka dawa ya maji, mpako mmoja, kwa kuwa safari yao ya kwanza ilikuwa Marafa.