Kitabu gani kwanza? Vya kuazima maktaba, kuanzia mtoto mpaka bibi

Wengi wanaosema vitabu vya Kiswahili vinachosha walianzishiwa pasipo. Mtu hajamaliza riwaya hata moja maishani, anapewa Babu Alipofufuka, riwaya ngumu kuliko zote nitakazozitaja. Mtoto wa darasa la pili anabebeshwa kitabu cha kaka yake wa la sita kwa sababu "huyu anajua kusoma". Umri ulioandikwa kwenye jalada usiutegemee sana. Tazama msomaji ana pumzi kiasi gani, na sikio lake limezoea Kiswahili cha namna gani. Yafuatayo ni kwa anayekwenda kuazima hapa Zanzibar: maktaba ya Maisara Unguja, ya Chake Chake Pemba, au ya skuli.

Kipimo cha mtoto ni rahisi. Fungua ukurasa wa katikati, kwa kuwa ule wa mwanzo mara nyingi huwa mwepesi kuliko kitabu chenyewe. Mwambie asome kwa sauti, na kila neno asilolijua akunje kidole. Vidole vitano vikimalizika kabla ya ukurasa, kitabu hicho ni cha kusomewa, bado si cha kusoma mwenyewe. Mtoto aliyepita chuo cha Kurani huwa ameshazoea kufuata mstari kwa kidole na kutoa sauti. Mwache aendelee hivyo hivyo, wala usimwambie asome kimoyomoyo mapema.

Wa miaka mitatu mpaka mitano anataka picha kubwa na mstari mmoja au miwili kila ukurasa. Kosa linaloharibu hapa ni la mtu mzima: kila akifungua ukurasa anasimama kuuliza, "Hii nini? Na huyu nani?" Hadithi inageuka mtihani, mtoto anateleza gotini na kwenda zake. Soma mpaka mwisho bila kusimama, rudia kesho na keshokutwa, mwenyewe ataanza kukumalizia sentensi. Kama rafu ya wadogo ni tupu, tovuti ya African Storybook ina hadithi za Kiswahili za kupakua na kuchapa bure, zimepangwa ngazi tano, kutoka maneno ya mwanzo mpaka hadithi za kusomewa. Ila zisome wewe kwanza. Nyingi ni tafsiri za watu mbalimbali, na Kiswahili chake hakilingani: nyingine ni tamu, nyingine zinakwaza ulimi.

Kuanzia miaka sita mpaka tisa, hazina yetu ni hadithi zilizosimuliwa hapa hapa Unguja na kuandikwa na mmisionari Mwingereza Edward Steere, kitabu kikatoka 1870. Zimechapwa upya mara nyingi, moja moja au kwa mikusanyo, na huenda ukazikuta zimepunguzwa. Anza na Sultani Majinuni na nunda mla watu. Yule mtoto mdogo wa sultani kila akiua mnyama anampelekea mamaye akidhani ndiye nunda, na mama anamjibu kwamba siye. Jibu hilo linarudi tena na tena, wasikilizaji wakalishika, na kufika mnyama wa tatu chumba kizima kinajibu pamoja. Mpe mtoto mmoja awe mama, wewe uwe mwana.

Ya kima na papa inataka uangalifu zaidi. Papa anamchukua kima mgongoni, wamefika katikati ya bahari ndipo anamwambia kwamba sultani wao anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anadai moyo kauacha mtini. Mpaka hapo kila mtoto yuko nawe. Baadaye kima, akiwa salama juu ya mti, anamsimulia papa hadithi nyingine, ya punda wa dobi, simba na sungura, na hapo ndipo wadogo wanapotea: hawajui tena papa kaenda wapi. Kwa hiyo ikate vipande viwili. Usiku wa kwanza ishia kima anapokataa kurudi baharini. Usiku wa pili sema wazi, "Sasa kima anamsimulia papa," kisha endelea.

Umri wa miaka kumi mpaka kumi na nne ndio unaopoteza wasomaji, maana vya watoto wanaviona vya kitoto na riwaya zinawashinda. Wape Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha 1952. Ni kifupi, na mwanzoni tu kuna kitendawili kinachovuta: kwa nini mtu mwema kama Adili anawapiga manyani wawili mijeledi? Kusadikika, cha mwaka mmoja nyuma yake, kinafaa wakubwa kidogo, na kwa bahati kimekaa kwa mafungu: Karama yuko mahakamani, anaeleza safari za wajumbe sita. Safari moja kwa siku inatosha. Asiyesoma hivyo hukwama kwenye zile hotuba ndefu, kisha lawama zote anambebesha mwandishi.

Wa kidato cha tatu na cha nne wana vitabu vyao vya mtihani, na nakala hazitoshi. Kuelekea mwisho wa mwaka hupati kitu, basi azima mapema. Mwongozo, kile kijitabu cha muhtasari na maswali, usomwe baada ya kitabu chenyewe. Ukianza nao unajua kila kitu kitakachotokea, na kitabu chenyewe hukifungui tena.

Kwa mtu mzima anayeanza au anayerudi, hapana mlango mzuri kuliko riwaya za mpelelezi Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960: Bwana Ali kauawa, maiti imekutwa mzimuni, watu wanasema ni kazi ya mizimu, naye Bwana Msa na kiko chake anataka kujua nani hasa. Kisha vikaja Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Kila kimoja kinajitegemea, kwa hiyo ukikosa kimoja chukua chochote kilichopo. Tahadhari moja tu: Bwana Msa ni mtu wa maneno. Anayetaka mbio na bastola atachoka. Anayependa mazungumzo ya barazani atakuwa kwao.

Ukishapata pumzi, nenda kwa Adam Shafi. Kuli (1979) kinasimulia wachukuzi wa bandarini na mgomo wa Unguja wa 1948, na lugha yake ni nyepesi. Vuta N'kuvute (1999) ni kikubwa zaidi, habari za Yasmin anayemkimbia mume mzee na kukutana na Denge, mpigania uhuru. Filamu ya Amil Shivji ya 2021 imewafanya wengi wakiulize. Aliyeiona asidhani amekimaliza kitabu, kina watu na mitaa mingi zaidi. Haini (2003) ni cha gerezani na ni kizito, usimpe mtu anayetafuta cha kupumzikia. Nyota ya Rehema cha Mohamed Suleiman Mohamed (1976) kwangu ndicho chenye Kiswahili kizuri kuliko vyote nilivyotaja. Utengano (1980) cha Said Ahmed Mohamed, Mpemba wetu, ni kwa watu wazima: Maimuna anatoka kwenye kuta za baba yake mpaka kwenye ulevi na danguro. Babu Alipofufuka (2001) ni cha mwandishi huyo huyo, na ni cha mwisho kwenye mstari huu: maiti anarudi, wakati unapinda, na msomaji hashikwi mkono.

Sasa, kuvipata. Ambako vitabu vimepangwa kwa namba za Dewey, zile namba za mgongoni zinazogawa vitabu kwa mada, fasihi ya Kiswahili iko 896.392, na kamusi na sarufi ziko 496.392. Lakini Peponi cha Abdulrazak Gurnah, alichokitafsiri Ida Hadjivayanis kutoka Kiingereza, kikatoka 2022, unaweza ukakitafuta humo mchana kutwa. Kanuni ni kwamba tafsiri hufuata lugha ya asili, kwa hiyo rafu yake ni 823, pamoja na riwaya za Kiingereza. Wasifu wa mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alioandika Shaaban Robert nao hauko kwenye hadithi. Tazama kwenye wasifu au muziki. Huo ndio wa kumpa bibi aliyekua akisikia taarab: ni mfupi, na wengi wanapenda kufuatilia safari ya mwanamke wa Fumba mpaka Bombay kurekodi santuri mwaka 1928.

Tatizo la wazee ni macho. Vitabu vya Kiswahili vyenye herufi kubwa ni nadra, na matoleo ya miaka ya sabini yana herufi ndogo na karatasi iliyogeuka rangi. Kwa hiyo mashairi yanawafaa kuliko riwaya. Chukua Kimbunga, mashairi ya Haji Gora Haji wa Tumbatu: mjukuu anasoma beti nne, bibi anafafanua, kitabu kinafungwa.

Masika usikiweke kitabu cha kuazima kikigusa ukuta wa mawe na chokaa. Unyevu hupanda ukutani na ukungu huanzia mgongoni mwa kitabu. Ukurasa ukichomoka usibandike selotepu, kwa sababu gundi yake hugeuka manjano na kuila karatasi. Uweke mahali pake, na unaporejesha mwambie aliyeko kaunta ni ukurasa wa ngapi.