Mwanangu alikuwa na mdomo, hivi ndivyo nilivyopambana nao

Niseme ukweli mapema, tuliomharibu ni sisi wenyewe. Akiwa na miaka 3 babu yake alimwambia "kaa chini", akajibu "kaa wewe", basi nyumba nzima mbavu hatuna, na kila mgeni akija tunamwambia hebu sema ulivyomjibu babu. Anasema, tunacheka tena. Sasa ana miaka 8, anajibu vile vile, hakuna anayecheka na yeye anatushangaa. Kama una kadogo kanakochekesha kwa jeuri, toka nje ukachekee huko.

Ukimwita, "nini tena!" Ukimtuma anasonya kwanza. Ukimuuliza kama kamaliza kazi za shule, "si nilishakwambia lakini mama, husikii?" Na mdogo wake wa miaka 5 pembeni anasoma somo.

Ushauri nilipewa mpaka basi. Dada yangu akasema mchape, mbona sisi tulichapwa na tuko sawa (huyo anayesema tuko sawa hatujawahi kumaliza maongezi bila yeye kunikatia simu). Kuchapa nilishachapa, sijifichi, nikapata mtoto anayesema maneno yale yale ila kwa kunong'ona akiwa chumbani. Mwingine akasema jifanye humsikii mpaka aseme vizuri. Nikajifanya. Akapandisha sauti, nikaendelea kuosha vyombo, akapandisha tena, mwisho aliyeitika ni jirani.

Nikaona hapana, mimi mtu wa akili bwana, nikatengeneza chati. Jumapili karibu yote imeishia kwenye rula na kalamu za rangi. Akisema tafadhali, asante, samahani au naomba anapata nyota moja, zikifika 20 anachelewa kulala nusu saa. Siku mbili za mwanzo nikajiona profesa, nikaanza hadi kuwashauri wenzangu kazini. Siku ya tatu namwambia azime tivii, ananigeukia kwa utulivu kabisa: "Samahani mama, naomba uniache tafadhali, asante." Na mkono kashaunyoosha, anadai nyota 4. Nikakosa la kusema, maana kwa sheria nilizoandika mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri, ni haki yake! Baba yake akatoka nje kucheka, angalau yeye alishajifunza kutoka.

Ndio nikashtuka kwamba muda wote nahangaika na maneno wakati tatizo ni sauti. Hata "ndiyo mama" inaweza kutamkwa ikawa tusi. Na sauti huwezi kumweleza mtoto kwa mahubiri, yangu yalikuwa marefu mno, nahisi ndiyo yaliyomfundisha kusonya.

Kilichonisaidia ni mlango. Akija na ile sauti yake simjibu na sifoki, namwambia tu "rudi mlangoni uanze upya". Anatoka, anafunga, anaingia tena kama ndio kwanza anafika, anasema shida yake upya. Siku ya kwanza aliingia mara 6. Mara ya nne aliubamiza mlango, nikamwambia hiyo haihesabiki. Ya sita kicheko kikamtoka, na mimi nikacheka, akasema "mama naomba nimalizie mchezo halafu nikaoge". Nikamkubalia palepale, maana mtoto akiongea vizuri halafu kila siku anaambulia hapana, ataona bora arudi kwenye kelele zake. Sio kila kitu unakubali lakini, mengine hapana ni hapana.

Halafu lazima awe na namna ya kukataa bila kuvunja adabu, kukasirika si dhambi jamani. Tukampa sentensi, "mama sijakubali, naomba nieleze". Anaitumia mpaka kero, juzi kaeleza dakika 10 nzima kwa nini kuoga jana kunatosha na leo. Nilisikiliza. Akaoga.

Usije ukafanya hivi mbele ya wageni, nilijaribu mara moja akajifungia chumbani mpaka wakaondoka. Na mtoto mwenye njaa au usingizi hafundishiki, mlishe au mlaze kwanza. Kwa yule mdogo mbinu imegoma kabisa, mlango kaupenda, anakuja na jeuri makusudi ili atumwe nje. Huyo bado namtafutia dawa.

Ilichukua kama miezi mitatu, minne, sikuhesabu. Kusonya kupo bado ila kumepungua, siku hizi kakisonya kanajishika mdomo kenyewe.

Tatizo nililojiletea ni kwamba aliuliza kama mlango ni wa watoto peke yao, na mimi kwa kiherehere nikasema ni wa wote. Dada yangu aliposikia akasema mama gani anatumwa nje na mtoto aliyemzaa. Wiki iliyopita narudi kazini nimechoka, hata mkoba sijautua nimeshaanza kufoka nani kaacha bomba wazi. Mwenye kesi, bila kuinua macho kwenye daftari: "Mama, mlangoni."

Nikatoka. Nimesimama nje na mkoba begani navuta pumzi, yule jirani yangu wa kuitika ananitazama, akaniuliza, "Umesahau ufunguo?"

Nikamwambia ndiyo.