Nilivyosoma takwimu kwa mfumo wa kufaulu au kufeli

Nasoma historia, lakini siku zote nilitamani kujua takwimu. Kilichonizuia ni wastani wa alama, maana ufadhili wangu unautegemea. Chuo chetu kinatoa hiari: katika baadhi ya kozi mwanafunzi anaweza kupewa alama ya herufi (A, B, C na kadhalika) kama kawaida, au kuandikiwa tu kwamba amefaulu au amefeli. Nikaamua kuitumia hiari hiyo.

Kazi kubwa ilikuwa kusoma kanuni kabla ya kujaza fomu. Ukifaulu, krediti zinahesabiwa kwenye shahada ila wastani hauguswi. Ukifeli, hapo vyuo vinatofautiana: kwingine unakosa krediti tu, kwetu F inaingia kwenye wastani kama sifuri. Kozi za fani yako kuu haziruhusiwi. Tena kuna tarehe ya mwisho, na ikipita huwezi kubadili. Jambo lililonihangaisha zaidi halikuwemo kwenye mwongozo: wafadhili wangu wanataka krediti ngapi zenye herufi kila muhula? Niliwaandikia, nikasubiri jibu la maandishi ndipo nikajaza fomu. Neno la mwenzako darasani halitoshi katika suala kama hili.

Darasani nilijiona huru. Niliuliza nilichokuwa sielewi, nikachagua mradi mgumu wa kuchambua orodha za zamani za abiria wa meli badala ya zoezi jepesi la kitabuni. Mwalimu hakujua nimechagua mfumo gani. Kwetu yeye huweka herufi kwa kila mtu, kisha ofisi ya msajili huigeuza. Naona ni utaratibu wa haki, kwa sababu kazi yangu ilisahihishwa kwa kipimo kilekile cha wengine.

Hata hivyo hiari hii ina gharama. Mwaka 2020, korona ilipofunga madarasa, vyuo vingi vya Marekani viliwaachia wanafunzi wachague, lakini Yale na Columbia viliondoa herufi kwa wote muhula ule. Hoja ya kuondoa kwa wote naielewa vizuri: pakiwa na hiari, anayesoma matokeo yako anaweza kudhani uliikimbia herufi kwa kuwa ilikuwa mbaya. Kwa dharura ile, naamini kuwapa wote mfumo mmoja kulikuwa na utu zaidi. Katika muhula wa kawaida nasimama na hiari. Chuo Kikuu cha Brown, nacho cha Marekani, kimeilinda tangu 1969, na mwanafunzi pale anaweza kuiomba karibu katika kozi yoyote.

Nilifaulu. Muhula ujao nachukua kozi inayofuata, safari hii kwa herufi, kwa sababu programu ya uzamili ninayotaka kuomba inadai herufi katika somo la takwimu.